Sentimita Tisini

Bi Mwanakombo aliniita Jumanne, baada ya adhuhuri,
ghorofani kwake Kibokoni, ngazi arobaini na moja,
nilizihesabu, mgongoni keekee na koili ya waya.
Akanionyesha runinga mpya, bado imevaa nailoni,
imeegemea kabati la vyombo vya harusi.
"Nataka picha safi, Swabri.
Safi ya kuhesabu nyusi."

Nikamwambia, picha safi haianzii kwenye kioo.
Huanzia juu ya mabati, kwenye ungo.
Ungo wa mchele hupepeta makapi,
huu wangu hupepeta mbingu,
na kinachobaki ni kidogo, Bi, kidogo mno:
mnong'ono uliosafiri kilomita elfu thelathini na sita
ukafika Mombasa umechoka.
Picha ya zamani ilikuwa na subira,
ikikosa kitu hutia chengachenga, ikaendelea na hadithi.
Hii ya kisasa haijui kusamehe.
Ama yote, ama vigae.

"Basi nitilie kubwa kuliko zote. Kama la Badi."

Nikamwomba achungulie dirishani.
Dishi la Badi, mita moja na themanini,
limelala chali juu ya paa,
maana setilaiti ile hapa kwetu iko karibu na utosi.
Mvua hujaa humo, kunguru huoga humo,
hudondosha miba ya samaki na vifuniko vya soda.
Ukubwa jalala, walisema wasiolijua dishi.
Na kusi ikivuma hulisukuma kwa bega;
likisogea upana wa kucha, limepotea,
maana jicho la dishi kubwa ni jembamba,
huona mbali, pembeni halioni.

Na dogo? La sitini lamtosha Mwidani wa chini,
anayetaka habari ya saa moja, kisha alale.
Anga likiwa kavu lingekutosha hata wewe.
Lakini Mei?
Mei wingu la hapa huwa godoro lililolowa,
na mnong'ono hauvuki godoro.

"La tisini," nikasema.
"Chuma cha zinki, bolti zisizoogopa chumvi,
na tuukwepe ule mwarobaini wa msikitini.
Lakini kwani wataka kutazama nini?
Kama ni mpira, wanaume ishirini na wawili
hata picha ya ukungu yawaonyesha."

Akaishika pindo la leso, akaikunja, akaikunjua.
"Hao siwataki. Mwanangu Shalo
yuwalinda uwanja, huko Doha.
Huvaa koti la manjano, husimama karibu na kibendera,
yuwatazama watu, mpira hauoni.
Mwaka wa tatu huu.
Kwenye runinga ya zamani namuona tone tu,
kama bizari iliyodondoka kwenye kanzu."

Sikusema zaidi. Nikapanda.
Nikalizungusha la tisini kwa upana wa unywele,
mjukuu wake akinipigia kelele kutoka chini:
Hamsini na mbili! Sitini! Imeshuka, rudi! Rudi!
Sabini na nne.
Nikakaza.

Ijumaa mvua ilishuka kama iliyotumwa.
Nilikuwa nimekwenda kudai salio.
Kwa Mwidani, vigae. Kwa Badi, hata vigae havikuwepo,
tulimsikia akilitukana paa lake.
Kwetu uwanja ulikuwa mkavu, majani yakihesabika,
na nailoni bado haijavuliwa.
Ikawa kona. Kamera ikasogea.
Koti la manjano. Kisogo. Masikio mawili,
jasho likimeta shingoni.

"Ndiye," akasema. "Tazama avyoupumzisha mguu wa kushoto."

Mpira ukapigwa, kamera ikamwacha.

Baadaye akanihesabia noti, akaongeza mia,
akazishika kidogo kabla ya kuziachia.
"Swabri, ile ya mita mbili,
ingemgeuza?"